Deki ya Kasi na Kipigo Kikubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa vijana ninaocheza nao Bombo na Kampala, hapa Uganda. Wengine hunipigia simu kutoka Kasese au Arua wakiwa katikati ya mchezo, jambo lisilofaa kwa sababu zamu nzima ni kama sekunde 75. Nimeyaweka pamoja ili nikiulizwa tena niwe na pa kuwaelekeza. Mfano mkuu ni Hearthstone, mchezo wa kadi wa kwenye simu na kompyuta, maana ndio tunaoucheza wengi wetu. Magic: The Gathering Arena, mchezo mwingine wa kadi, ina sehemu yake chini. Majina ya kadi nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa mchezo wenyewe haujatafsiriwa kwa Kiswahili.

## Mambo ya msingi

1. Deki ya kasi ni nini hasa?

Ni mkusanyiko wa kadi ulioundwa kummaliza mpinzani kabla hajazifikia kadi zake kubwa. Katika Hearthstone kila shujaa huanza na damu 30, kila deki ina kadi 30, na mana (nguvu unayolipia kadi) huanza 1 ikaongezeka moja kila zamu mpaka 10. Mwenzako aliyejaza kadi za mana 7 na 8 anahitaji kufika huko akiwa hai. Kazi yako ni kuhakikisha hafiki.

Waliokulia kwenye matatu, ule mchezo wa karata, watanielewa upesi. Kuna anayekusanya karata mkononi akipanga jambo kubwa, na kuna anayepunguza mkono wake haraka, kisha anakata kwa saba wenzake wakiwa bado wamebeba mzigo. Deki ya kasi ni huyo wa pili.

2. Kwani si kupiga uso tu (yaani shujaa wa mpinzani mwenyewe) kila zamu?

Hapana. Ndiyo dhana inayowapotezea watu michezo mingi kuliko kosa lolote jingine. Soma swali la 10.

3. Kwa nini unasifia askari (kadi inayobaki uwanjani na kupiga kila zamu) wa mana 1 kuliko uchawi wenye kipigo kikubwa?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni matawi yake. Chukua kalamu.

Kuanzia zamu ya 1 hadi ya 5 unapata mana 15 kwa jumla (1+2+3+4+5). Ukitaka kumaliza damu 30 ndani ya zamu hizo, kila mana moja lazima ilete kipigo 2. Sasa tazama Fireball: mana 4, kipigo 6. Hiyo ni moja na nusu kwa kila mana. Kill Command ya Hunter, mmoja wa mashujaa, mana 3, hupiga 3, na ukiwa na mnyama uwanjani hupiga 5. Hata hapo hujafika 2. Deki iliyojaa uchawi wa kuchoma haitamaliza mtu zamu ya 5 hata ukivuta kadi nzuri kupita zote.

Askari wa mana 1 mwenye nguvu 2, ukimweka zamu ya 1, anapiga zamu ya 2, ya 3, ya 4 na ya 5. Asipoguswa ni kipigo 8 kwa mana moja. Askari huyo huyo ukimweka zamu ya 4 anakupa kipigo 2 tu kufikia zamu ya 5. Kadi ni ile ile, thamani imeshuka mara nne. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa unaweza kuyapima hayo maumivu kwa namba.

Mfano kamili, ukitumia Hunter. Zamu ya 1, askari mwenye nguvu 2: atapiga mara nne, 8. Zamu ya 2, mwenye nguvu 3: mara tatu, 9. Zamu ya 3, mwingine wa nguvu 3: mara mbili, 6. Zamu ya 4, askari wa mana 2 mwenye nguvu 3 atakayepiga mara moja, 3, pamoja na uwezo wa shujaa, 2. Zamu ya 5, Leeroy Jenkins, mana 5, nguvu 6, anapiga papo hapo. Jumla 34. Hakuna mpinzani atakayekaa akitazama tu, lakini hata akimuua yule wa kwanza baada ya kupiga mara moja, bado una 28, na yeye ameshatumia mana yake kujilinda badala ya kujenga.

4. Shujaa gani anafaa kwa anayeanza?

Hunter. Uwezo wake wa mana 2 unampiga shujaa wa mpinzani 2, na hakuna askari wa kumkinga. Ukifikisha zamu ya 6 bila kadi mkononi, bado una kipigo. Warlock naye ni mzuri kwa sababu anavuta kadi kwa mana 2 na damu 2 zake mwenyewe, ila anayeanza hujiua mwenyewe kwa kuvuta ovyo. Demon Hunter, aliyeongezwa Aprili 2020, ana uwezo wa mana 1 unaompa shujaa nguvu 1 kwa zamu hiyo. Ni kidogo, lakini ni rahisi.

Priest mwachie mwenye subira.

## Kuijenga

5. Nianzie wapi kuchagua kadi 30?

Anzia mwisho. Jiulize: zile damu 3 hadi 8 za mwisho nitazitoaje, uwanja wangu ukiwa umefagiwa? Kadi hizo chache zichague kwanza. Kisha jaza zilizobaki kwa askari wa bei ndogo watakaoleta zile damu 22 za mwanzo.

Mgawanyo ninaoupenda mimi ni kadi 8 za mana 1, 9 au 10 za mana 2, 6 za mana 3, nne za mana 4, na zinazobaki za mana 5. Mana 6 kwenda juu, sifuri. Watu hunibishia hapo kila mara: "Kaka, hii ya mana 7 ni kali sana!" Kali kweli, lakini zamu ya 7 ulitakiwa uwe umeshaanza mchezo mwingine.

Kila kadi iulize swali moja tu: ukiwekwa kwa wakati wako, utaleta kipigo kiasi gani kabla ya zamu ya 6 kwisha? Isiyo na jibu itoke, hata kama picha yake inapendeza.

6. Kadi za mana 1 ziwe ngapi, kwa hesabu na si kwa kukisia?

Tuseme unaanza kwanza: unapewa kadi 3, unarudisha zote zisizo za mana 1, halafu unavuta moja zamu yako ikianza. Ukiwa na kadi 4 za mana 1 kwenye deki, nafasi ya kuwa na angalau moja zamu ya kwanza ni kama asilimia 67. Ukiwa na 6 ni kama 82. Ukiwa na 8 ni kama 91.

Kutoka 4 kwenda 8 umeondoa karibu robo tatu ya mianzo mibovu. Baada ya 8 faida inakuwa ndogo, na kadi hizo zikija zamu ya 7 zinakera. Ndiyo maana nasimama hapo.

7. Kadi za kumalizia ziwe zipi?

Zinazopiga bila kuhitaji ruhusa ya uwanja. Kill Command na Fireball nimeshazitaja. Leeroy ni maarufu kwa sababu ana Charge, yaani anapiga zamu ile ile anayowekwa. Ubaya wake ni kwamba anampa mpinzani askari wawili wadogo, kwa hiyo si kadi ya kujaza nafasi: anaingia siku ya kuua. Bloodlust ya Shaman, mana 5, inawaongezea askari wako wote nguvu 3 kwa zamu hiyo. Ukiwa na wanne uwanjani umeongeza 12, ukiwa huna hata mmoja umeshika karatasi.

Usizidishe. Ukifungua mchezo na kadi tatu za kumalizia mkononi, huna cha kumalizia. Tano au sita kwenye deki nzima zinatosha. Kabla ya kutengeneza kadi, angalia pia kama mwaka huu imo kwenye Standard, mtindo wa kucheza ambao seti zake hubadilika kila mwaka. Wild, mtindo mwingine, inakubali za zamani.

8. Niweke Taunt na kadi za kuponya ili nijilinde?

Usiweke. Askari wa Taunt humlazimisha mpinzani ampige yeye kwanza, na hiyo ni kazi ya deki inayosubiri. Ukichanganya nusu kasi na nusu ulinzi unapata deki inayochelewa kuua na kuwahi kufa.

## Kuicheza

9. Mwanzoni nirudishe kadi zipi?

Karibu zote za mana 3 na kuendelea. Ukianza wa pili unapewa kadi 4 pamoja na Coin, inayokuongezea mana 1 kwa zamu moja. Hapo unaweza kubakiza ya mana 3 iwapo tayari una ya 1 na ya 2. Kadi ya kumalizia irudishe bila huruma. Itakuja.

Coin yenyewe wengi wanaikalia mpaka inaota ukungu. Kama inakuwezesha kuweka askari wa mana 2 zamu ya kwanza, na zamu ya pili bado una mwingine wa kuweka, itumie.

10. Nipige uso, au nipige askari wake?

Swali la kujiuliza kila zamu ni hili: kati yetu, nani anatangulia kufa tukiacha kila kitu kiende kilivyo? Ukitangulia wewe kumuua hata akijitahidi, piga uso. Ukiona atakugeuzia kibao, safisha uwanja kwanza.

Kuna hali tatu ambazo mimi huacha uso hata nikiwa mbele. Ya kwanza, askari wangu wa mana 1 anapoweza kumuua askari wake wa mana 3. Biashara hiyo hata muuza ndizi wa soko la Owino hataikataa. Ya pili, askari wake anapokuwa na maandishi yanayomkuza kila zamu, kwa sababu leo anauawa kwa kipigo 2 na kesho kutwa kwa 6. Ya tatu, shujaa wake anapokuwa na kadi zinazoongeza nguvu kwa askari wengi mara moja. Hapo askari watatu dhaifu si dhaifu tena.

Nje ya hizo, uso. Kumbuka kwamba katika Hearthstone anayeshambulia ndiye anayechagua wa kumpiga. Usipomuua askari wake, mpinzani ndiye atakayelazimika kuamua kubadilishana, na kila askari wake anayempiga askari wako hakupigi wewe.

11. Najuaje kwamba zamu hii naweza kumaliza?

Hesabu kabla ya kugusa kadi yoyote. Nguvu za askari walio tayari, ongeza silaha, ongeza uchawi ulio mkononi unaotosha mana, ongeza uwezo wa shujaa. Toa Taunt zilizo njiani. Usisahau ngao za Armor, maana Warrior hujiongezea 2 kila anapotumia uwezo wake, na zinakaa juu ya damu yake.

Kisha hesabu ya zamu ijayo. Hii wengi hawaifanyi. Kama leo una 9 na yeye ana 14, swali ni je, ukimpunguzia 7 leo na kushika Kill Command, kesho unaua hata akifagia uwanja? Kuna siku nilimwacha mtu na damu 1 kwa sababu zamu iliyotangulia sikuutumia kabisa uwezo wa Hunter, nikaacha mana 2 zikipotea, nikiona kipigo 2 si kitu. Alipona, akafika mana 10, na mengine sitaki kuyakumbuka.

12. Wananifagia uwanja mzima kila mara. Nifanyeje?

Jua zamu zao. Paladin ana Consecration, mana 4, inayowapiga maadui wote 2. Mage ana Flamestrike, mana 7. Ukifika zamu iliyotangulia hizo ukiwa na askari watatu wanaopiga vizuri, usiweke wa nne na wa tano. Wabakize mkononi, tumia uwezo wa shujaa, piga. Akifagia, unajaza tena. Asipofagia, watatu walikuwa wanatosha.

Ila kama hesabu ya swali la 11 inasema zamu ijayo unaua kwa kuweka wote, weka wote. Kuogopa kadi ambayo huenda hana ni njia nyingine ya kumpa muda.

## Gharama, bando na mtandao

13. Deki hii itanigharimu kiasi gani?

Ni ya bei nafuu kuliko karibu zote, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo sababu ya kuanza nayo. Kadi hutengenezwa kwa vumbi, sarafu ya ndani ya mchezo: ya kawaida 40, ya Rare 100, ya Epic 400, ya Legendary 1,600. Deki yenye kadi 20 za kawaida, 8 za Rare na 2 za Epic ni vumbi 2,400. Deki nzito yenye Legendary sita ni 9,600 kwa hizo sita pekee. Seti ya Core hutolewa bure, kwa hiyo angalia kwanza ulichonacho.

Usivunje kadi kwa pupa. Legendary ukiivunja inarudisha 400 tu: unavunja nne kupata moja.

14. Bando langu litaisha?

Michezo yenyewe haili sana. Kinachokula ni kupakua mchezo na masasisho yake, ambayo ni makubwa. Subiri upate Wi-Fi. Tangu Julai 2021 bando letu Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu ya VAT, kwa hiyo kila MB ina bei yake. Hapa deki ya kasi inakusaidia tena: mchezo wa zamu 6 unaisha kabla rolex yako (chapati ya mayai) haijapoa, wakati wa deki za kusubiri unaweza kwenda nusu saa.

15. Mtandao ukikatika katikati ya mchezo?

Fungua tena mara moja. Mchezo hukurudisha palepale, ila saa ya zamu haikusubiri. Ukiona kamba inaungua katikati ya uwanja, muda wako unaisha. Nikijua mtandao ni wa kusuasua, natanguliza mapigo muhimu kwanza na mapambo baadaye.

16. Nichague ukanda upi?

Wengi wetu tuko Europe. La muhimu ni kutohama: kadi za Europe hazionekani ukiingia Americas au Asia. Huwa napata simu ya mtu anayelia kwamba kadi zake zote "zimeibiwa", kumbe amebonyeza ukanda mwingine.

## Michezo mingine

17. Je, hesabu hizi zinafanya kazi Magic Arena?

Wazo ndiyo, namba hapana. Kule kila mtu ana damu 20, deki ina kadi 60, na unaruhusiwa nakala 4 za kadi moja badala ya 2. Mana haiji yenyewe: inatoka kwenye kadi za ardhi, na deki ya kasi ya rangi nyekundu huwa na ardhi kama 20 hadi 22. Ukikosa ardhi umekwama, ukizijaza mkononi umekwama pia.

Tofauti kubwa ni nani anachagua. Magic unatangaza mashambulizi, halafu mpinzani ndiye anayeamua askari wake yupi amzuie wako yupi. Kwa hiyo yale niliyosema kwenye swali la 10 kuhusu kupuuza askari wake yanageuka. Uchawi wa kuchoma una thamani zaidi kule, mara nyingi kwa kumwondoa mzuiaji zamu za mwanzo na kwa uso zamu za mwisho. Lightning Bolt, kadi iliyopo tangu mchezo wa karatasi ulipotoka 1993, hupiga 3 kwa mana moja tu. Saba zinamaliza damu 20. Linganisha na Fireball ya swali la 3 uone kwa nini wachomaji wanapenda Magic.

18. Na Marvel Snap?

Kule hakuna uso wa kupiga. Ni kadi 12, zamu 6, na maeneo matatu ya kugombea. Kasi ipo, lakini ni somo jingine.

## Hali za pembeni

19. Mpinzani ana Secret (kadi iliyofichwa inayofyatuka ukifanya jambo fulani). Nipige vipi?

Inategemea shujaa. Kwa Hunter, hofia Explosive Trap: ukimpiga shujaa wake, askari wako wote wanapigwa 2. Kama una askari unaotaka kuwabadilisha na wake, fanya hivyo kabla ya kugusa uso. Hofia pia Freezing Trap, inayomrudisha mkononi askari anayeshambulia na kumwongezea bei mana 2. Tanguliza askari wako wa bei ndogo kabisa.

Kwa Mage kwenye Wild, jua Ice Block. Pigo ambalo lingemwua linazuiwa, na zamu hiyo hapigiki tena. Dawa ni kuivunja kwa askari, huku uchawi ukiubakiza mkononi kwa zamu inayofuata.

20. Wote wawili tuna deki za kasi. Inakuwaje?

Hapo ndipo swali la 10 linapogeuka kabisa. Anayeshika uwanja zamu ya 2 na ya 3 ndiye anayeshinda mara nyingi, kwa hiyo mwanzoni piga askari wake. Uso unaanza ukishamwacha bila mtu.

21. Kadi yangu imepunguzwa nguvu. Nimepoteza vumbi langu?

La. Kwa muda mfupi baada ya mabadiliko unaweza kuivunja na kurudishiwa bei kamili, kwa hiyo usichelewe kuingia.

Kadi za kasi hupunguzwa mara kwa mara, hasa zenye Charge, kwa sababu mpinzani hana nafasi ya kujibu. Wakongwe wanakumbuka Druid wa Force of Nature na Savage Roar: mana 9, kipigo 14 kutoka uwanja mtupu. Ilivunjwa 2016. Patches the Pirate alitoka Desemba 2016, akiruka mwenyewe kutoka kwenye deki na kupiga papo hapo, mpaka Februari 2018 alipoondolewa Charge. Deki ikitegemea kadi moja ya namna hiyo, ijengee mbadala mapema.

22. Wanasema deki hii ni ya wasiojua kucheza. Wananitukana.

Ndani ya mchezo hawawezi kukutukana, maana kuna salamu chache tu zilizopangwa, nazo unaweza kuzizima. Matusi huja kwa njia ya ombi la urafiki. Likifika sekunde tatu baada ya kumwua mtu zamu ya 5, usiharakishe kulikubali.